Mgonjwa wa Nyumba

Katika nyumba ya Vitomir, mgonjwa alikuwa mkewe, Stamena. Kijiji kizima, huku milimani juu ya mji wa Ivanjica, kililijua hilo. Tangu ujana kifua chake kilibana kila theluji ilipoanguka, na mwili wake haukushika nyama hata siku moja. Siku ya harusi mama mkwe alimtazama, akamwambia mwanawe waziwazi, "Huyu atakuacha mgane kabla hujazoea pete."

Vitomir yeye alikuwa jibaba. Tumbo lilitangulia mlangoni, mwenyewe akafuata. Asubuhi alipaka mafuta ya nguruwe kwenye mkate, akashushia rakija, pombe kali ya plamu, na watu wakamsifu kwa afya yake, maana huku kwetu mtu mnene ndiye mzima na mwembamba ndiye wa kuonewa huruma. Ujinga wetu huo. Sukari alikuwa nayo, na presha pia, lakini hakuyahesabu kuwa magonjwa.

"Sukari kidogo," alisema, "na presha kidogo, kama kila mtu mwenye shamba." Dawa zake alizimeza alipokumbuka, na hakukumbuka mara nyingi.

Korona ilipofika bondeni, alimfungia mkewe ndani. Dukani akaenda yeye, mazishini akaenda yeye.

"Wewe ukipumuliwa tu, umekwisha," alimwambia. "Mimi wacha hicho kirusi kije! Kitalizunguka tumbo hili wiki nzima kabla ya kuyaona mapafu."

Stamena alicheka mpaka akakohoa. Ndivyo walivyopendana, kwa kukejeliana.

Ugonjwa uliingia hata hivyo, mwezi wa Novemba, na wote wawili wakaanza kukohoa. Binti yao Slavojka alikuja kutoka mjini, akaishia getini na kutundika mfuko kwenye uzio. Ndani kulikuwa na malimau, supu, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima hewa kwenye damu.

"Baba!" alipiga kelele kutoka barabarani. "Mpime Mama asubuhi na jioni! Ikishuka chini ya tisini na mbili, nipigie hapohapo!"

Hakusema kama baba naye apimwe. Hata yeye, msomi wetu, alikuwa na mgonjwa mmoja tu akilini.

Vitomir alipima kwa bidii. Tisini na tano, tisini na nne. Jioni moja alikuwa ameketi kitandani kwa mkewe, anapumua haraka kidogo, anachonga maneno kama kawaida. Stamena, kwa mchezo tu, akambana yeye kidole. Themanini na moja.

"Kimeharibika," akasema Vitomir.

"Jaribu kidole kingine."

Themanini.

Stamena akakirudisha kidoleni mwake. Tisini na nne.

"Unaona? Kwako kinafanya kazi," akasema mumewe. "Kimetengenezwa kwa vidole vya kuku kama vyako, mama Slavojka. Changu ni soseji. Kitaonaje damu ndani ya soseji?"

Wakacheka wote wawili, wakazima taa.

Kesho yake binti alipopiga simu, Stamena alimtajia namba zake, kisha akamsimulia kituko cha soseji. Slavojka hakucheka. "Mama, umesema ngapi?"

Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walimwendea Stamena na machela. "Huyohuyo," akasema Vitomir kutoka kwenye kiti, "mbebeni taratibu." Ikabidi Stamena awasukume kwa mikono yake miwili na kuwaonyesha mumewe. Machela aliikataa, akatembea mwenyewe hadi garini, akishika uzio. Mlangoni aligeuka akasema, "Ingia ndani, bibi wewe, utaugua."

Daktari alipiga simu, binti mdogo kwa sauti. "Mama, mzee ana kisukari?"

"Kidogo."

"Presha?"

"Kidogo."

"Na uzito huu ni wa siku nyingi?"

"Ni mtu mwenye afya, mwanangu, si kama mimi."

Daktari akamweleza: "Mama, hayo ndiyo tunayoyaogopa. Umri, sukari, presha, unene, halafu ni mwanaume. Na amechelewa kuletwa."

Stamena alipona kwa supu. Vitomir aliwekwa kwenye mashine, na hakutoka.

Slavojka alikuja kutafuta suti ya kumzikia baba yake. Alifungua sanduku la nguo za mazishi, ambalo wazee wa huku huliandaa mapema. Gauni jeusi lilikuwapo, kitambaa cha kichwa, soksi mpya, viatu ambavyo havijawahi kukanyaga ardhi. Alipekua mpaka chini.

"Mama, za Baba ziko wapi?"

"Hakuwekewa," akasema Stamena. Alikaa sakafuni kando ya sanduku. "Miaka yote aliniangalia mimi, Slavojka. Siku ile moja niliyomwangalia yeye, nilicheka."