Baruti ya Mzee Fataki

Asubuhi hiyo mimi na Shabani tulikuwa tumeifungua injini ya mashine ya kusaga, vyuma vyake tumevitandaza juu ya gunia mbele ya karakana ya Mzee Mahendra, Kilosa mjini. Nilikuwa bado mgeni. Shule niliiacha darasa la sita, nikadandia lori la vitunguu hadi Mikumi, nikaosha malori, nikabeba mizigo. Nilipoichoka barabara nikaja Kilosa, kwa sababu tu sikuwahi kuiona.

"Leo usitegemee chapati," Shabani aliniambia. "Leo hapa nyumbani hawali."

"Kwa nini?"

"Siku ya Mzee Fataki."

Mzee Fataki ndiye aliyekuwa baba yake Mahendra. Habari yake tuliijua wote. Huko India, akiwa kijana, alimtupia bomu afisa wa Kiingereza, akatoroka kwa meli, akapanda treni na kujificha Kilosa kwa jina jingine. Alitengeneza baiskeli mpaka uhuru ukamkuta huku. Kila mwaka, siku ya bomu lile, familia ilishinda na njaa. Tulidhani hiyo ndiyo namna yao ya kusherehekea.

Mahendra alipotoka, Shabani akampigia saluti. "Shikamoo, kamanda! Mtoto wa shujaa!"

"Marahaba. Safisha hiyo pistoni."

Mwaka ule mvua ilichelewa. Maji yalibaki bondeni tu, na bondeni ndiko kulikokuwa na mpunga. Ng'ombe wa wafugaji wakashuka. Kila kijiji kikawa na kesi yake, na kila kesi ikaisha bila mtu kuridhika.

Siku chache baadaye tulikwenda Ulaya, kijiji cha hapo hapo Kilosa, kutengeneza pampu shambani kwa Jumanne, kaka yake Shabani. Nilikuwa nimeshika spana niliposikia kengele za ng'ombe. Waliingia kwa pamoja, mchungaji wao nyuma na mkuki begani, mpunga ukalala chini yao. Jumanne akachukua fimbo.

"Toa ng'ombe wako!"

"Wana kiu. Wakishakunywa watatoka."

Fimbo ikapigwa. Sikuona ilimpata nani.

Kisha nikaona mkuki ubavuni mwa Jumanne.

Shabani alipiga kelele mara moja tu. Tulimlaza Jumanne juu ya baiskeli, mimi nasukuma, yeye ameukumbatia mwili wa kaka yake usianguke.

Hatukufika barabarani akiwa hai.

Kesho yake wanaume walikwenda kuchoma maboma ya wafugaji. Nilimfuata Shabani nikitaka kumrudisha nyumbani. Nilikuta moshi, na mwanamke aliyeketi chini mbele ya majivu akitaja jina la mtoto wake, taratibu, kama anayemwita aje kula. Mtoto hakuwa ametoka.

Baada ya hapo pande zote mbili zilianza kujikusanya. Vijana wetu walikuwa na magobore, ila hawakuwa na baruti. Ndipo Shabani alipokuja karakana, na kundi zima likamngoja nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Mzee, tunataka baruti. Baba yako alijua kuitengeneza. Na wewe unajua."

Nilitegemea akane. Hakukana.

"Najua. Alinifundisha. Nikitaka, kesho mnayo."

"Basi tupe."

"Sitawapa."

"Baba yako alipigana! Kila mwaka mnafunga kwa ajili ya bomu lake!"

"Unajua lilimuua nani?"

"Mzungu."

"Mzungu hata hakuchubuka. Alikufa dereva wa gari la farasi. Mtu wa mtaani kwao, kule India. Baba alikuwa akimwamkia kila asubuhi. Ndiyo maana hatuli."

Nami, kwa tabia yangu ya kuuliza hata pasipofaa, nikauliza kama Mzee Fataki alijuta kupigana.

"Hakujuta. Mpaka anakufa alisema Mwingereza ilikuwa lazima aondoke. Alichokataa ni watu kumwambia kwamba yule dereva si kitu."

"Mimi nimezika kaka yangu," Shabani alisema, "wewe unaniletea habari za farasi!"

"Na wafugaji wakija kuniomba, nao sitawapa. Kuna mtoto ameshaungua, Shabani."

Nje wakaanza kupiga bati.

"Mhindi, rudi kwenu!"

Mahendra akatoka, akasimama mlangoni. "Kwetu ni hapa. Wewe unayepiga kelele, mimi na baba yako tumezaliwa hospitali moja."

Jiwe likapita juu ya kichwa chake, kioo kikavunjika.

Nikasimama kando yake.

Hakusogea, nami sikusogea.

"Mwacheni," Shabani akasema hatimaye. Hakututazama. "Twendeni."

Aliondoka na panga. Maiti zililetwa kutoka bondeni kesho yake, ya kwake ikiwa miongoni mwao, na upande wa pili pia walizika. Polisi walipofika, mpunga ulikuwa umekauka na hakuna aliyekuwa akiugombania.

Baada ya arobaini, Bi Zaituni, mama yao Jumanne na Shabani, alivuka barabara akaja karakana. Alikataa kiti.

"Mahendra, ungempa, mwanangu angekuwa hai?"

"Wangekufa wengi zaidi, dada."

"Sikukuuliza wengi."

Ilikuwa rahisi kusema hapana, na sote tulitaka aseme hapana.

"Labda," akasema. "Labda angekuwa hai."

Yule mama akageuka akaondoka. Kwa miaka yote iliyofuata waliishi wakitazamana ng'ambo ya barabara, na hakumsalimia tena.

Mimi nilizunguka hadi mipakani, nikarudi Mikumi, ninakoziba matairi ya malori. Vijana wa hapa wakiniomba habari za Mzee Fataki, wanataka bomu tu. Nawapa bomu, kisha nawapa dereva, kisha nawapa Shabani. Wengi huondoka kabla sijafika kwa Shabani. Nami bado nasema mzee alifanya sawa, na kila ninaposema namkumbuka Shabani akiwa mzima, na sauti yangu inapungua.

Mahendra alipofariki nilidandia lori usiku uleule. Tulimchoma kando ya mto Mkondoa, kama dini yake inavyotaka. Watu walikuwa wachache. Kuni zilipokuwa zikipangwa, Bi Zaituni akaja, amejitwika mzigo wa kuni kichwani. Nikampokea.

"Umemsamehe, mama?"

"Sijamsamehe," alisema, akipangusa vumbi mabegani. "Lakini hakunidanganya."