Beseni la Makayabu

Kuna duka Matonge, hapa Bruseli, karibu na Porte de Namur, linalopanga makayabu nje: samaki wakavu wa chumvi, wagumu kama mbao. Harufu yao ikinipata, navuka barabara.

Nilipokuwa mdogo, mama alinipeleka kutembelea mji mmoja wa kale kule kwa Wareno. Mitaa ilishuka kwa ngazi mpaka mtoni, kuta zimevikwa vigae vya bluu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyetu. Mimi nilitaka kukimbia nikauone mto. Yeye alisimama kila baada ya ngazi chache, kiganja ukutani.

“Ngojea kwanza, mutoto yangu. Ona vile hizi carreaux iko muzuri.”

Nilimkasirikia. Vigae vilikuwa vilevile, tena yeye alikuwa amefumba macho.

Ukingoni mwa mto tulikuta duka la samaki. Akacheka, “Kumbe makayabu inatoka huku!” Akanunua mmoja mnene.

Tuliporudi Bruseli alimloweka kwenye beseni. Kesho yake, akivaa koti la kwenda hospitali, aliniambia, “Ubadirishe mayi asubui na mangaribi, mpaka nitarudia.”

Nikabadilisha. Siku ya tatu maji hayakuwa na chumvi tena. Siku ya nane nyama ilikuwa ikiachana na miiba. Wamama wa kanisa walijaa sebuleni kwetu, wakiimba nyimbo za matanga. Asubuhi na mangaribi walinipisha na beseni langu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia niache.