Ukuta Kati ya Jiko na Sebule

Adija alikuwa na ugonjwa wa kuhamisha vitu. Usicheke, majirani zake wa Kasulu mjini ndivyo walivyouita. Kabati likikaa mahali pamoja msimu mzima, yeye hana raha. Meza ya cherehani aliisukuma dirishani, akairudisha mlangoni, akaisukuma tena dirishani, na mumewe Khamisi, mfanyabiashara wa maharage, alishazoea kurudi nyumbani na kujigonga goti kwenye kitu ambacho asubuhi hakikuwapo.

Mwaka ule wa 2013 ugonjwa ukampanda kichwani. Alikwenda Kibondo kumtembelea wifi yake Shadia, dada wa Khamisi, akakuta jiko limo ndani ya nyumba. Si uani kwenye moshi, ndani! Ukuta kati ya jiko na sebule umekatwa nusu, juu yake pamewekwa kaunta ya vigae, na Shadia anakaanga huku akipiga soga na wageni waliokaa kwenye makochi.

"Ya kisasa hii, wifi," Shadia alisema, akiifuta kaunta ambayo haikuwa na hata tone. "Siku hizi nani anapikia nje?"

Adija alicheka kwa meno tu. Njia nzima ya kurudi Kasulu, vumbi jekundu puani, alikuwa anazikata kichwani kuta za ile stoo yao ya maharage iliyopakana na sebule.

"Idi ya kuchinja Shadia anakuja kwetu," alimwambia Khamisi kabla hajavua viatu. "Atanikuta na jiko."

"Jiko unalo."

"Lile banda?"

Banda lilikuwa uani, la udongo na bati, na kusema kweli halikuwa lake tena. Lilikuwa la mama yake, Bi Ntirampeba. Tangu alipofiwa na mumewe, akatolewa shambani Kagerankanda kuja kukaa kwa binti yake, mama yule alilala chumba cha uani na kushinda bandani. Alipika humo, akala humo. Na hapa lazima nikueleze jambo, maana Adija alilijua tangu utotoni na bado akalikanyaga: kwa Waha wa umri wa mama yule, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumwona akitafuna. Ni aibu kubwa, mtu anatamani ardhi ipasuke aingie. Kwa hiyo Khamisi kila asubuhi, akitoka kwenda kunawa, alikohoa kwanza. Mama naye alimsalimu kwa Kiha kutoka nyuma ya ukuta wa udongo: "Mwakeye!" Khamisi akaitikia, basi, siku ikaanza. Walipendana vizuri sana watu wale bila kutazamana.

Stoo ikaondolewa magunia, fundi Pasikali akaitwa. Maskini Pasikali! Asubuhi Adija anachora kwa chaki sakafuni mahali pa jiko la kuni lenye bomba la moshi, mchana amefuta. Jokofu likae wapi? Likikaa pembeni, mlango wake unagonga kabati. Sinki likiwekwa upande wa sebule, maji machafu yatatokea wapi? Likahamishiwa ukuta wa uani, chini ya dirisha. Adija alilala akipanga, akaamka akipangua. Alipanga viti sebuleni badala ya kaunta, akavizunguka na sufuria tupu mkononi, anasonga ugali wa hewa.

"Mama, amua basi, saruji inaganda," Pasikali alilalamika.

Mwishowe ikabidi lipatikane eneo la shimo la maji machafu, na eneo lenyewe lilikuwa pale pale penye banda. Banda likabomolewa.

"Na mimi?" mama aliuliza, amesimama na mwiko wake.

"Utapika ndani, mama, pazuri, hakuna moshi. Nitakuwekea pazia."

Mama hakujibu. Adija aliona kule kunyamaza ni kukubali, akakimbilia vigae vyake.

Jiko likaisha, na lilipendeza, tusiseme uongo. Ila njia pekee ya kuliingia ilipita sebuleni, mbele ya makochi. Na lile pazia la kaunta, upepo ukiingia dirishani, lilipepea likafunua kila kitu. Mama akawa anasubiri Khamisi aende sokoni ndipo aingie mbio mbio. Akila, anakaa sakafuni chini ya kaunta, sahani magotini, sikio mlangoni.

Siku moja ya mvua Khamisi akarudi ghafla kufuata turubai la kufunikia magunia. Alikohoa, lakini mvua ilikuwa inapiga bati, nani angesikia? Akaona kiu. Akainama juu ya kaunta achukue kikombe, na hapo chini, uso kwa uso, akakutana na mama mkwe wake, shavu limejaa ugali wa muhogo.

Weee! Khamisi alitoka mvuani bila turubai. Mama alijifunika kanga usoni, tonge akalitema mkononi. Adija, aliyekuwa kwenye cherehani yake, alitaka kucheka, akaacha, kwa sababu mama yake alikuwa analia.

Tangu siku hiyo, wimbo ukawa mmoja. Chai? Nimeshiba. Samaki wa migebuka kwa mawese, mboga anayoipenda kuliko zote? Nimeshiba, mwanangu. Mifupa ya shingo ikaanza kumtoka. Asubuhi Khamisi alikohoa uani, akakohoa tena, hakuna aliyemsalimu. Adija akasukuma jokofu lizibe uwazi, jiko likawa giza. Akalirudisha. Akatundika pazia zito. Mama hata hakulitazama. Kila alichohamisha hakikusaidia, na mikono ikawa inamwasha kwa kukosa la kufanya.

Jioni moja akamfuma nyuma ya mgomba. Mawe matatu, moto wa vijiti, viazi vitamu kwenye majivu, na mwavuli ameushika kwa mkono mmoja.

"Mama! Unafanya nini huku?"

"Naota moto." Akakificha kiazi kwenye kanga. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Nirudishe Kagerankanda. Maharage yanapandwa."

"Nyumba ilianguka, mama. Kule hakuna mtu! Ukiugua nani atakupa maji?"

"Ndiyo, hakuna mtu," mama alisema. "Nitakula."

Adija alirudi ndani, akasimama mbele ya kaunta yake, akaichukia. Akajichukia na mwenyewe. Kesho yake Pasikali, ameitwa tena, alimkuta mlangoni akimngoja.

"Ziba kaunta. Na pale dirishani nitobolee mlango wa uani."

"Vigae vyote vile, mama?"

"Ng'oa."

"Na sinki litakwenda wapi?"

Hilo ndilo lililomchoma. Sinki chini ya dirisha, mtu unaosha vyombo unaona miti! Akalizunguka jiko, akapima ukuta kwa kanga, akachora, akafuta. Mlango na sinki havienei ukuta mmoja, hata ufanyeje. "Litoke nje," alisema mwishowe. "Tutaoshea uani."

"Sawa. Lakini dirisha limekwenda, kaunta imekwenda. Mlango ukifungwa, humu ni pango."

Adija aliuma kidole. Halafu akakumbuka matofali ya matundu, yale ya kupitishia hewa. "Panga hayo pale kwenye kaunta mpaka juu. Yageuze mshazari. Mwanga upite, jicho lisipite."

Pasikali akapanga. Adija akakaa kwenye kochi la Khamisi, akachungulia. Akasimama, akachungulia. Akainama. "Hilo la pili ligeuze, namwona mtu kisigino!" Pasikali alisonya, akaligeuza.

Shadia alifika mkesha wa Idi. Asubuhi, swala ilipokwisha, alisimama sebuleni akiutazama ule ukuta. "He, wifi! Si ulisema umejenga la kisasa? Mbona umejitia jela?"

Adija uso ulimwaka. Jibu alikuwa nalo, tena lenye pilipili, lakini Khamisi aliingia na kanzu yake akitoka msikitini. Akasimama katikati ya sebule, akakohoa.

Nyuma ya matofali, kijiko kilichokuwa kinakwangua sufuria kikanyamaza. Adija alitega sikio. Mlango wa uani ulikuwa wazi, mama angeweza kutoka na kwenda zake.

"Mwakeye!" ikaja sauti kupitia matundu, nzito, ya mdomo uliojaa.

"Mwakeye, mama," Khamisi akaitikia, akiutazama ukuta na kutabasamu.

"Mbona anaongea vile?" Shadia akauliza. "Anaumwa?"

"Haumwi," Adija alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wifi yake, asijali. "Anakula."