Dakika za Kulia

Karani wa tiketi katika stesheni ya Ghent huchonga penseli upya kwa kila mji, kisha hupuliza ncha kama anayepoza uji. Godelieve alitaka kumwashia marehemu dada yake, Mungu amlaze pema, mishumaa katika makanisa ya miji mitatu kwa siku mbili.

“Köln dakika arobaini, mama. Mshumaa, sala, soseji.”

“Na kulia?”

Karani alipitisha rula kwenye ratiba, akakunja uso. “Köln haiwezekani. Paris unabadilisha stesheni, utalia huku unakimbia. Labda Strasbourg.” Akafuta chakula cha mchana, akaandika: kulia, dakika ishirini.

“Zisipotosha?”

Akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. “Treni ya saa nane ikikuacha, panda ya saa tisa. Tiketi inaruhusu.”