Kopo la Winchi

Pale ghalani walimwita Winchi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Gunia la kilo mia alilitia mgongoni kama mama anavyombeba mtoto, akapanda nalo ubao mwembamba hadi juu ya shehena, akashuka akipiga mluzi. Miaka ishirini na miwili. Mgongo ule ulistahili kukatiwa bima, kama bima zingewajali wenye migongo badala ya wenye viti.

Siri yenyewe ilikuwa ya aibu kwa udogo wake: maharage. Maharage, viazi vitamu, mayai mawili ya kuchemsha na konzi ya karanga, alivyofungiwa na mkewe kila asubuhi. Tatizo lilikuwa bakuli. Lilivuja mchuzi, akafika kazini suruali imelowa mahali ambapo suruali ya mtu mzima haipaswi kulowa, na wabebaji wenzake si watu wa kulinyamazia jambo kama hilo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukumbi wa mazoezi, ambako watu wenye magari walilipia kunyanyua vitu vizito visivyokwenda popote. Kwenye jalala lao Winchi akaokota kopo tupu la unga wa misuli, kubwa, jeusi, lenye kifuniko cha kusokota. Ubavuni palikuwa na picha ya jamaa aliyetuna kama aliyeshambuliwa na nyuki. Akaliosha, mkewe akalijaza maharage. Halikuvuja hata tone.

Siku hiyohiyo wenzake wakaliona.

"Ahaa. Kumbe tunashindana na mtu wa dawa."

"Na sisi tulidhani ni Mungu tu."

Angetamka neno moja, maharage, yangeisha. Lakini miaka yote hiyo umekula chakula ambacho watu wakikisikia wanaziba pua, halafu leo unatazamwa kama jamaa wa kwenye kopo. Nani asingenyamaza? "Kila mashine na mafuta yake," alisema, akaenda kula nyuma ya magunia, akiwapa watu mgongo.

Aliyeamini kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo: mwembamba, mcheshi, baba wa watoto watatu, kibarua wa mkataba wa mwezi mmojammoja. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba mavuno yakiisha watabaki wale tu wanaobeba gunia zima bila kushikiwa. Shemeji hakuweza. Akaacha kula mchana, akawa ananunua unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa muuzaji aliyeapa kuwa ni uleule wa Winchi.

"Shem, we unakoroga vijiko vingapi?"

"Vinne," Winchi akajibu, akacheka. Aliona ni utani. Kesho angemwambia ukweli, ila kesho yake malori yalikuwa mengi.

Vinne asubuhi, vinne jioni, juani, maji kidogo, tumbo tupu. Wiki ya tatu shemeji alipandisha gunia zima, ghala likampigia makofi. Wiki ya tano uso ukavimba. Wenzake wakasema misuli sasa inapanda kichwani. Wiki ya sita alianguka ubaoni, gunia likamfuata.

Daktari alisema ni figo. "Sijui ndani ya huo mfuko mlikuwa na nini, na aliyemuuzia sidhani kama anajua. Atakuwa wa mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Mizigo asahau. Chakula alikuwa anakula nini?"

"Huohuo unga," dada mtu akajibu. "Alisema hata kaka anakula huohuo."

Winchi alifika saa ya kuwaona wagonjwa, kopo kwapani. Akasokota kifuniko, akalisogeza puani kwa mgonjwa.

"Nusa."

Shemeji alinusa. Macho yalikuwa yamezama katika uvimbe, yakatafuta ya Winchi. "Maharage?"

"Maharage."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Humu hakijawahi kuingia kitu kingine."

Shemeji alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. "Nyumbani tunalo debe zima, shem. Kila siku dada yako ananipakulia, namwambia chakula cha wanyonge hicho, wape watoto."

Dada alichukua kijiko, akachota, akakipeleka mdomoni mwa mumewe. Muuguzi aliyekuwa akipita akaushika mkono wake.

"Hapana, mama. Haya hayaruhusiwi tena. Wala karanga, wala hivyo viazi. Figo zake haziyawezi."

Kijiko kilirudi ndani ya kopo. Dada alimtazama yule jamaa aliyetuna ubavuni mwa kopo, kisha akamkabidhi kaka yake kopo lake.

"Kula wewe, kaka."

"Sina njaa, mdogo wangu."

"Kula. Tukuone."

Winchi akavuta kiti, akala hadi chini. Safari hii hakuwapa mgongo.