Nilijifunza neno "cause" kwenye karatasi ya dawa, nikaacha kumpa Mwalimu kidonge cha jioni

Wakuu, nawasalimu nyote.

Nimekuwa humu muda mrefu nikisoma za wengine bila kuandika. Kuongea mbele ya watu kunanishinda, na kuandika naenda pole pole. Shule niliishia darasa la nane. Hii imenichukua siku tatu. Yote yalitokea, na pale nilipokosea sitajificha.

Mimi ni msichana wa Kinoo. Kila asubuhi nashuka hadi Hurlingham, kwa nyumba ya mama mmoja mzee aliyefundisha Kifaransa shule za upili miaka mingi. Kwao ni Vihiga. Kila mtu humwita Mwalimu, hata bintiye. Macho yake yamefifia, haoni maandishi tena. Bintiye, Auntie Doreen, anashinda ofisini town. Kazi yangu ni kupika, kufua, na kumpa Mwalimu dawa asubuhi na jioni kabla sijaondoka.

Sasa, Mwalimu hawezi kukaa bila kufundisha mtu.

Vitabu vyake vilinishinda, kwa hivyo tulianza na ile karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa. Kama hujawahi kuifungua, ya dawa yake ya pressure ina Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, habari ile ile. Mimi nasoma, yeye anarekebisha.

"Shiru, unasoma ni kama unapanda ngazi na ndoo kichwani," aliniambia siku ya kwanza. "Teremka. Anza tena."

Neno lililojaa kwenye karatasi hiyo ni cause. Upande wa Kifaransa wameandika provoquer. Mwalimu akasema wana pia causer, lakini kwa mambo ya ugonjwa utakutana sana na provoquer.

Kutoka hapo tukafungua daftari. Lead to, akanipa conduire à. Hiyo ni pole pole, alisema, jambo linakushika mkono na kukutembeza mpaka unafika mahali hukupanga. Result in, akanipa entraîner, ambayo ndani yake kuna kuvuta, kama mbuzi anavyovutwa kwa kamba. Trigger ni déclencher. Hiyo ni mtego wa panya, umegusa, umefyatuka.

"Yote kwa Kiswahili unaweza kusema kusababisha," aliniambia, "lakini mimi nataka ujue jambo limefika aje."

Wakuu, nilifurahia hayo masomo kuliko niwezavyo kueleza. Hakuna mtu alikuwa amenifundisha kitu tangu nitoke shule.

Halafu siku moja nikasoma peke yangu, nikingoja pasi ipate moto: may cause dizziness. Peut provoquer des vertiges.

Niliizima pasi. Wiki hiyo Mwalimu alikuwa ameshikwa na kizunguzungu mara mbili akitoka bafuni. Mara ya pili nilimdaka kabla kichwa hakijafika kwa sinki.

Mtu mwingine angempigia Auntie simu, ama angeuliza kwa chemist hapo chini. Mimi nilifika mlangoni pa chemist, nikaona foleni na yule kijana wa koti jeupe anaongea Kiingereza cha haraka, nikarudi na mkate. Niliona aibu. Dada wa kazi anauliza kuhusu dawa ya mama wa watu, ataambiwa nini?

Nikaamua mwenyewe. Asubuhi nilimpa kama kawaida. Jioni, kati ya vile vitatu nilitoa kile cha pressure, nikamwachia viwili vya mifupa.

Siku ya kwanza alivipapasa kiganjani. "Leo ni viwili?"

"Ndivyo hivyo, Mwalimu."

Akameza. Alikuwa ananiamini.

Kizunguzungu kilipungua. Nitakuwa mkweli, nilijivuna. Niliona nimesoma, nimeelewa, nimemsaidia.

Wiki ya tatu ikawa siku ya kliniki. Auntie aliomba ruhusa kazini, tukaenda watatu. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Shosho, leta mkono."

"Niite Mwalimu," akamwambia. "Shosho ni wa wajukuu wangu."

Daktari akacheka, akafunga ile kitu ya kupima. Akapima. Akangoja kidogo, akapima mkono ule mwingine. Kicheko kikaisha.

"Auntie, anakunywa dawa vizuri?"

"Kila siku. Huyu msichana hakosei," Auntie akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Basi hii dawa imeshindwa. Pressure imepanda sana. Nitampandisha dozi, na niongeze nyingine juu yake."

Akaanza kuandika.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na mkoba wa Mwalimu. Nilijua dawa haijashindwa. Nilijua pia nikienda nyumbani na hizo mpya, nianze kumpa zote ili nisigundulike, zitamwangusha, na safari hii huenda nisimdake. Na nikisema, kazi imeisha. Nilisikia kalamu ikitembea kwa karatasi.

"Daktari," nikasema. Hakusikia. Nikarudia. "Daktari, ya jioni hajakuwa akipewa. Ni mimi nilitoa. Wiki tatu."

Auntie aligeuka. "Ulitoa? Ukapeleka wapi?"

"Kwa sinki. Nilisoma karatasi. Imeandikwa inaleta kizunguzungu, na alikuwa anataka kuanguka."

"Ulisoma karatasi." Alisema hivyo tu, kwa sauti ya chini. Afadhali angenipigia kelele.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza pole pole, ni lini, mara ngapi, akiinuka au akiwa ameketi. Nikajibu yote. Halafu akamwambia Auntie kwamba ningenyamaza angempa dawa ya kumwangusha mtu mzima. Akasema pia kuwa kizunguzungu huenda kilitoka kwa dawa kweli, na hakuna mtu alikuwa amemwambia. Akapunguza dozi, akasema inywewe mara mbili bila kukosa, na turudi baada ya wiki mbili.

Nilifikiri hapo ndipo pabaya. La. Pabaya palikuwa nyumbani.

Auntie alitaka niondoke siku hiyo hiyo. Mwalimu akamwambia angoje kwanza. Akaniita nikae mbele yake.

"Shiru, sina hasira juu ya kidonge," alisema. "Ulisoma karatasi, ukaelewa. Lakini huo ni mwili wangu. Nilikuwa hapa, nimeketi kwa hiki kiti, kila siku. Ungeniuliza. Macho ndiyo yameenda, mimi sijaenda."

Nililia, wakuu. Niliogopa chemist, niliogopa daktari, niliogopa Auntie. Mwalimu sikumwogopa hata kidogo, na yeye pia sikumuuliza.

Bado niko kazini. Auntie sasa anaweka dawa chumbani kwake na kuniachia za siku moja tu, na simlaumu. Masomo yalisimama karibu mwezi mzima. Pressure ya Mwalimu ilishuka tuliporudi kliniki, na hajaanguka.

Nilichojifunza ni hiki. Aibu yangu niliiona kama kitu changu tu, haimgusi mtu. Kumbe ilikaribia kuua mtu ninayempenda. Kujua dawa inaleta nini ni vizuri. Lakini ukishajua, fungua mdomo, anza na mwenye kuimeza.

Kama humu kuna mtu anampa mzazi au mgonjwa dawa, naomba kuuliza: yeye mwenyewe anajua anameza nini? Umewahi kumwambia? Andikeni hata kama ni kunisema. Nitasoma yote, na nitajibu, ingawa nitachelewa.