Mbwa wa Mtaa

Dada yangu anakusanya ushuru wa halmashauri tangu mimi niko shule ya msingi. Alianza na soko, akahamia machinjioni, na kote huko katukanwa mpaka matusi hayamwingii tena. Akirudi jioni anavua viatu, anatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nami najua nisimwulize kitu.

Mwaka huu wakubwa wa halmashauri wakakaa huko wakaona mbwa na paka wa majumbani nao walipiwe. Mimi siwatetei. Watu mmewakamua hadi basi, sasa mnawafuata mpaka kwenye bakuli la paka? Nilimwambia Dada hivyo hivyo. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mdogo wangu, sheria sikuitunga mimi. Wanasema hela ni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Labda kweli, labda wataila. Mimi natembea tu."

Akatembea. Mtaani kwetu mbwa wanabweka usiku kucha hatulali, lakini Dada akibisha hodi na mashine yake ya risiti, hakuna mwenye mbwa. Mbwa kalala kizingitini, kanenepa, kamba shingoni, na mama mwenye nyumba anamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Huyu? Si wetu. Wa mtaa huyu." Wakacheka, wakaona wameipiga halmashauri chenga. Kumbe sheria inasema mbwa wa mtaa hana mtu, na asiye na mtu anazolewa na gari akauawe. Dada alieleza nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikamkauka. Wakasema anatisha watu apate chochote.

Pale kona kuna fundi saa, mzee aliyefiwa na mkewe, watoto wako mbali na simu hawapigi. Alikuwa na mbwa mwekundu, mguu wa nyuma mbovu, aliyeshinda chini ya meza ya kazi kaegemeza kichwa kwenye kiatu cha mzee. Jioni wakifunga banda walirudi nyumbani pamoja, taratibu, mmoja akimsubiri mwenzake. Huyo ndiye aliyemnyima Dada usingizi.

"Mzee wangu, kubali tu ni wako. Nitakulipia, utanirudishia ukipata."

"Mwanangu, mimi nampa makombo tu. Nimlipie mbwa, mtaa mzima unicheke? Wa mtaa huyo."

"Gari litakuja kweli."

"Na lije."

Likaja. Siku hiyo mzee alikuwa amekwenda kununua betri za saa, mbwa kabaki mlangoni mwa banda anamngoja. Wale vijana wa gari wakawauliza majirani huyu ni wa nani. Majirani walishawafungia wa kwao ndani. Wakajibu kwa mazoea, bila hata ubaya, "Huyo? Wa mtaa."

Mzee aliporudi akakimbilia ofisini kwao, kama kule kuburuta miguu ni kukimbia. Akaambiwa kazi imeshafanyika.

Jioni akaja kwetu. Dada alikuwa kwenye beseni lake, akataka kusimama, mzee akamzuia.

"Nimekuja kulipa, mwanangu."

"Mzee wangu, kulipa nini tena? Mbwa hayupo."

"Najua hayupo. Nataka iandikwe kwamba alikuwa na mwenyewe."

Mimi nilitaka kumwambia arudi na hela yake akanunue unga. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na yeye pia. Dada hakubishana naye. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuta mashine, akaanza kubonyeza, kisha akasita.

"Inataka jina la mbwa."

Mzee akafikiri sana.

"Sikumpa jina. Nilikuwa nikisema 'twende', anakuja."

Dada akaandika Twende. Karatasi ikatoka, mzee akaisoma mara mbili, akauliza kama jina ndivyo linavyoandikwa. Dada akamwambia ndivyo.